Gumegume, fataki au ganda: bunduki ipi ya kale ya kuingia nayo porini?

Mtu akishika kwa mara ya kwanza bunduki ya baruti nyeusi ya miaka 150 iliyopita, huuliza kwanza: inapiga mpaka wapi? Swali hilo limeanzia mkiani. Kwa bunduki hizi unapewa risasi moja tu. Ukishavuta kifyatulio, wingu la moshi mweupe husimama kati yako na mnyama, na hujui ulichokifanya mpaka upepo uliondoe. Kwa hiyo yanayokuhusu ni mawili: je, itawaka saa unayoitaka iwake? Na wewe mwenyewe unaweza kunyatia mpaka umbali gani kabla mnyama hajakushtukia?

Nazilinganisha hapa aina tatu ambazo mwindaji anaweza kukutana nazo leo. Kuna bunduki ya gumegume, inayowashwa kwa cheche za jiwe. Kuna ya fataki, inayowashwa kwa kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya mlipuko. Na kuna ya ganda, iliyotengenezwa miaka ya 1860 hadi 1890 kwa risasi za ganda zilizojazwa baruti nyeusi. Mbili za mwanzo ni magobori, hushindiliwa kwa mdomoni. Ya tatu hufunguliwa nyuma. Niseme mapema kwamba moyo wangu uko kwenye fataki, ili ukiniona naisifu ujue pa kupunguza chumvi.

Kwanza mtutu, ndipo aina

Gumegume yenye mtutu mzima ni bora kuliko bunduki ya ganda iliyooza ndani. Kabla hujaanza kupima ipi na ipi, pima hiyo iliyo mkononi mwako.

Jambo la kwanza ni kujua kama imeshindiliwa. Magobori mengi yalitundikwa ukutani yakiwa na baruti na risasi ndani, mwenyewe akafariki, na warithi wakayapangusa vumbi vizazi viwili. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu haichachi; miaka 100 baadaye bado inalipuka. Hakikisha hakuna fataki juu ya chuchu (kibomba kidogo inapokaa fataki) wala unga kwenye kisahani (kibakuli cha unga wa kuwashia katika gumegume), elekeza mdomo pasipo na mtu, kisha tumbukiza mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka ugote. Weka alama usawa wa mdomo, uutoe, uulaze nje ya mtutu. Ncha ikifika karibu na tundu la moto, mtutu ni mtupu. Ikiishia sentimita mbili tatu mbele yake, kuna kitu ndani, na kazi hiyo ni ya fundi bunduki. Usijaribu "kuisafisha kwa kuipiga".

Jambo la pili ni hali ya chuma. Mimi niliwahi kununua bunduki ya fataki kwa sababu ya mti wake: kitako cha mjozi kilichopinda kama shingo ya bata, nakshi za shaba, mtutu umeng'arishwa. Fundi aliingiza taa ndani, akanyamaza, halafu akakipitisha kidole changu juu ya mtutu taratibu. Shubiri moja kutoka mdomoni palikuwa na uvimbe mdogo kama pete. Mtu fulani, zamani, alipiga risasi isiyoshuka mpaka chini. Bunduki ile sasa ni pambo la ukuta, tena pambo la bei mbaya.

Uvimbe huo ndio ugonjwa wa gobori. Risasi lazima ikae juu ya baruti, imeigusa. Pakibaki nafasi kati yake, msukumo wa moto hukutana na risasi ghafla, mtutu ukavimba au ukapasuka. Wazoefu huchora alama mbili kwenye mdeki, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu ulioshindiliwa sawasawa, na hawapigi mpaka waone ya pili imelingana na mdomo.

Kuna pia mitutu ya Damaski, ile yenye mawimbi mazuri kama maji. Ilitengenezwa kwa kusokota pamoja vipande vya chuma laini na chuma kigumu cha feleji, kisha kuvizungushia fimbo na kuvigonga vikiwa moto mpaka viungane. Kila wimbi hapo ni kiungo, na kutu inaweza kujificha ndani ya kiungo isionekane kwa macho. Muhuri wa majaribio, kama ule wa London au Birmingham, unasema tu kwamba mtutu ulistahimili siku ulipojaribiwa. Hausemi lolote kuhusu leo.

Na hapa sina mzaha: baruti ya kisasa isiyo na moshi haiingii katika bunduki hizi, hata kijiko, hata "kidogo tu ya kuanzishia". Msukumo wake ni mkali kuliko ule ambao chuma hiki kilitengenezwa kuubeba. Baruti nyeusi ni ile ile ya tangu zamani: takriban sehemu 75 za shura, 15 za makaa na 10 za kiberiti.

Gumegume: ndugu mgumu kufundishika

Ukivuta kifyatulio, nyundo iliyobana jiwe hupiga bamba la chuma, bamba hunyanyuka, cheche hudondokea kwenye kisahani chenye unga laini wa baruti, unga huwaka, moto hupenya tundu dogo la ubavuni na kuifikia baruti ya ndani. Yote hayo huisha katika sehemu ndogo ya sekunde, lakini sikio la mpigaji huyasikia yakifuatana: ka, shwaa, ndu! Katika muda huo mfupi lazima bunduki itulie juu ya shabaha, na moto unalipuka kiganja kimoja kutoka jichoni. Vaa miwani. Anayefumba macho kwenye "shwaa" hukosa kwenye "ndu".

Mnyama naye huiona shwaa hiyo. Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Uskoti aliyependa kuwinda ndege, alichoka kuona ndege wakiruka mara tu kisahani kinapowaka, kabla marisau hayajatoka. Ndiyo sababu akabuni mtambo wa kuwasha kwa dawa inayolipuka ikigongwa, akapata hataza mwaka 1807. Napenda kuikumbuka habari hiyo kila ninapopoteza kanga kwa gumegume: fataki ilizaliwa kutokana na manung'uniko ya mwindaji, wala si ya askari.

Jiwe lenyewe lina makuu. Mawe meusi ya Brandon, Uingereza, na yale ya rangi ya asali kutoka Ufaransa yana sifa ya siku nyingi. Jiwe zuri laweza kupiga mara 20, pengine 50, kisha ukingo unakuwa butu na cheche zinapungua. Mwindaji mwenye akili huingia porini na jiwe jipya na akiba mfukoni. Hubanwa kwa kipande cha ngozi lisiteleze.

Adui mkubwa ni unyevu. Asubuhi ya ukungu unga wa kisahani hunyonya maji na kuwa uji mweusi, na hutajua mpaka usikie "ka" peke yake. Wanaowinda nazo kwa dhati hufunika mtambo kwa ngozi iliyopakwa nta, na kubadilisha unga wa kisahani kila baada ya muda hata kama hawajapiga. Tena usidanganyike na baruti mbadala. Aina kama Pyrodex huhitaji joto zaidi ili kuwaka, na cheche za jiwe mara nyingi hazitoshi. Gumegume hula baruti nyeusi halisi: chembe nyembamba kabisa, FFFFg, kwenye kisahani, na nene zaidi ndani ya mtutu.

Kwa nini basi mtu aichague? Kwa sababu haikufungi kwenye kikopo cha fataki ambacho siku moja kitaadimika. Jiwe, baruti na risasi uliyojimiminia mwenyewe kwenye kalibu vinatosha. Kwa sababu sheria nyingine huipa nafasi yake peke yake: jimbo la Pennsylvania, Marekani, lina msimu wa kulungu wa gumegume tu tangu mwaka 1974. Na kwa sababu humfundisha mtu kutulia kuliko bunduki yoyote nyingine. Mimi sipigi mnyama kwa gumegume akiwa zaidi ya mita 50.

Fataki: ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi

Weka kikofia juu ya chuchu, koki nyundo, vuta. Moto unaingia moja kwa moja. Hakuna kisahani cha kulowa, hakuna mwako usoni, na kati ya kifyatulio na mlio hakuna nafasi ya kuhesabu. Mvua ya rasharasha haiizuii, hasa ukipaka nta kidogo pale kikofia kinapokutana na chuchu.

Ina maradhi yake, ila ni machache na dawa zake zinajulikana. Kubwa ni mafuta: bunduki iliyohifadhiwa vizuri ina mafuta katika chuchu, na mafuta hayo huzima moto. Kwa hiyo kabla ya kushindilia asubuhi, piga fataki moja au mbili tupu ukielekeza mdomo kwenye jani kavu. Jani likitikisika, njia iko wazi. Nyingine ni vipimo. Bunduki nyingi za kiraia hutumia fataki namba 10 au 11, ndogo. Za kijeshi kama Enfield ya mwaka 1853 hutumia kikofia kikubwa chenye mbawa. Chuchu iliyochakaa hubadilishwa, lakini hati za skrubu za zamani hazifanani, na chuchu inayoingia "kwa nguvu kidogo" inaweza kuruka kuelekea usoni.

Ndani ya aina hii kuna chaguo ambalo wengi hulipuuza, nalo ndilo linaloamua windo: risasi ya duara au risasi ya Minié?

Risasi ya duara hufungwa kwa kiraka cha kitambaa kilichopakwa shahamu au nta, ikashindiliwa kwa nguvu. Kiraka ndicho kinachoshika mifuo ya mtutu, yaani mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka ndani yake, na kuizungusha risasi. Ndivyo zilivyokuwa bunduki za akina Hawken wa St. Louis, waliowatengenezea wawindaji wa milimani Marekani: mtutu mfupi mnene, kaliba (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) ya .50 na kwenda juu. Risasi ya duara hutaka mfuo unaozunguka polepole, mzunguko mmoja kwa inchi 48 au zaidi.

Risasi ya Minié, iliyopewa jina la Mfaransa Claude-Étienne Minié, ni ndefu, imechongoka, na chini ina shimo. Ni nyembamba kidogo kuliko mtutu, hivyo huteremka bila kupigana nayo. Baruti ikilipuka, sketi yake hupanuka na kushika mifuo. Ya Enfield ilikuwa na uzito wa greni 530, zaidi ya gramu 34, ikisukumwa na baruti gramu nne na kidogo. Humpiga mnyama mzito vizuri. Ila kwa mwindaji ina hila moja: kwa kuwa ni legevu, ukitembea na mdomo umeinama inaweza kuteleza mbele polepole, ikaacha ile nafasi niliyoieleza juu. Ukiibeba, beba mdomo ukiwa juu, na upime kwa mdeki kabla ya kupiga. Risasi ya duara iliyobanwa na kiraka haina tabia hiyo, na ndiyo sababu mimi huiamini porini ingawa kwenye karatasi Minié inaishinda.

Ganda: nguvu zaidi, lakini ulezi mwingi

Hapa tunakuta bunduki za Kimarekani kama Sharps, Remington na Springfield ya mwaka 1873, na Martini-Henry ya Waingereza iliyopitishwa jeshini mwaka 1871. Risasi, baruti na fataki vimo ndani ya ganda moja. Unyevu hauna pa kuingilia, na risasi ya pili inaingia katika sekunde chache badala ya nusu dakika au zaidi.

Risasi ya .45-70, iliyoanza na Springfield, ilikuwa na greni 405 za risasi juu ya greni 70 za baruti, ikitoka kwa kasi ya takriban mita 410 kwa sekunde. Ya Martini-Henry ilikuwa nzito zaidi, greni 480 juu ya 85. Hizi ni risasi za kupenya nyama na mfupa. Mnyama mkubwa anaziheshimu.

Unyenyekevu unakuja kwenye kukadiria umbali. Bunduki ya .45-70 ukiilenga sawasawa kwa mita 90, kwa mita 180 risasi imeshuka zaidi ya nusu mita. Ukikosea makadirio kwa hatua 30 huko mbali, unajeruhi. Wanaosimulia risasi za mita 400 walipiga vibao, au waliona mnyama mmoja na kuwasahau wengine.

Halafu kuna suala la chakula chake. Maganda ya .45-70 bado yanatengenezwa, na ndiyo sababu nakushauri uanzie hapo. Ya Martini-Henry ni adimu, na wengi huyafinyanga kutoka maganda ya shaba ya bunduki ya marisau kaliba 24. Ni kazi ya mtu mwenye vyombo na subira. Na jihadhari: ganda lenye jina la .45-70 dukani si lazima liwe la bunduki yako. Yako mengine yaliyojazwa kwa nguvu kwa ajili ya bunduki mpya imara, na Springfield ya mwaka 1873 ina mlango dhaifu usioweza kuyabeba. Jaza mwenyewe, kwa baruti nyeusi, bila kuacha nafasi tupu ndani ya ganda, na risasi iliyomiminwa kwa madini laini ya risasi.

Kwa haraka, ubavu kwa ubavu

| | Gumegume | Fataki | Ganda |
|---|---|---|---|
| Umbali wangu wa mwisho kwa kulungu | mita 50 | mita 80 kwa duara, 100 kwa Minié | mita 130, nikiwa na uhakika wa umbali |
| Mvua na ukungu | taabu | huvumilia | haijali |
| Risasi ya pili | isahau | ngumu | ipo |
| Vitu vya kutafuta | mawe, FFFFg | fataki za kipimo sahihi | maganda, kalibu, vyombo vya kujazia |
| Inapogoma | mara kwa mara | mara chache | nadra |

Umbali huo ni wa kwangu, wa macho yangu na vituo vya kulengea vya zamani visivyo na darubini. Jaribu bunduki yako kwenye kibao: umbali ambao risasi tano baridi, kila moja kutoka mtutu safi, zinaingia ndani ya sahani ya chai, huo ndio wako. Mtutu safi nasisitiza, kwa kuwa porini unapiga mara moja.

Kuhusu nguvu ya risasi ya duara, iangalie kwa makini. Ya kaliba .50 ina uzito wa greni 177 hivi, gramu 11 na nusu. Ikitoka mdomoni kwa mita 580 kwa sekunde, kwa umbali wa mita 90 imebakiwa na 350 hivi. Duara halipasui hewa vizuri. Kwa hiyo nguvu ya karibu ni nyingi, ya mbali ni ndogo mno, na anayetaka kuirefusha kwa kuongeza baruti anapata teke na moshi zaidi, si umbali. Ukitaka nguvu, panda kaliba: .54 ina greni 225 na zaidi, .58 inakaribia 280. Jimbo la Colorado, kwa mfano, linataka gobori la .40 angalau kwa kulungu wa kawaida na .50 kwa paa wakubwa wa elki, na nadhani walifikiri sawasawa.

Kupanda nako kuna mwisho wake. Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyefika Afrika mwaka 1871, alianza kuwinda tembo kwa magobori ya bore 4, yanayotupa risasi ya karibu robo ratili. Yaliua. Lakini miaka baadaye aliandika kwamba teke lake liliathiri mishipa yake ya fahamu na ulengaji wake, na akajuta kuyagusa.

Usafi, maana hapa wengi hushindwa

Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi hugeuka chembe ngumu badala ya gesi, na masizi yanayobaki mtutuni hunyonya unyevu na kula chuma usiku huo huo. Zote tatu huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, zikakaushwa kabisa, zikapakwa mafuta. Gobori la fataki huchukua robo saa. Gumegume zaidi kidogo, kwa sababu ya mtambo. Bunduki ya ganda mtutu wake ni rahisi kwa kuwa unaona mwanga upande wa pili, ila kuna maganda ya kuosha moja moja. Kama unajijua ni mtu wa kusema "nitaosha kesho", acha bunduki za kale zote.

Ya asili au nakala?

Nakala mpya ya Hawken au Enfield ina chuma cha leo, muhuri wa leo na chuchu unayoweza kuibadilisha. Ya asili ina historia, na kila siku ya mvua inaila kidogo. Sheria nazo huzitazama tofauti: Marekani kwa sheria ya shirikisho huita ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, na Uingereza huruhusu kumiliki ya kale kama pambo bila kibali, lakini ukitaka kuipiga kibali kinahitajika. Uliza mamlaka ya mahali unapowinda kabla ya kununua, kwa kuwa bunduki halali ya kutundika yaweza isiwe halali ya kuwindia.

Nikiombwa kumchagulia mtu anayeanza, nampa nakala ya fataki ya kaliba .54 na risasi ya duara, amalize nayo msimu mzima. Mwenye kuwinda nguruwe pori wazito penye mwanya mpana, aende kwenye .45-70 ya asili yenye mtutu uliopimwa. Gumegume ya asili iliyo nzima nampa yule ambaye tayari anaweza kumsogelea kulungu mpaka hatua 40 asubuhi bila kumshtua, na nitamwambia apige kibao kwanza mpaka aache kuisikia ile shwaa. Na yeyote akisikia "ka" bila mlio, asiishushe bunduki: aendelee kuielekeza kule kule dakika nzima, maana baruti iliyochelewa huwaka pale unapogeuka kuangalia kimetokea nini.